Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kutafuta Ardhi ya Uwanja wa Shabaha wa Mita 1,000

Wenzangu wa vilabu vya kulenga shabaha hunitumia picha za mashamba wanayotaka kununua, na karibu kila mara picha ni ile ile. Tambarare ndefu ya Kajiado au Laikipia, nyasi fupi, hakuna mti, na chini yake ujumbe: "Tazama, kilomita moja na nusu bila kizuizi!"

Hapo ndipo wanapokosea. Kizuizi ndicho kitu unachokitafuta. Urefu utaupata kokote nchini. Kilima kilichosimama mahali pake, nyuma ya shabaha, ndicho adimu.

Mwongozo huu ni wa anayetafuta ardhi kwa ajili ya bunduki za masafa marefu, kuanzia mita 300 hadi 1,000, na mifano yake ni ya Kenya. Hauchukui nafasi ya mtaalamu wa usalama wa viwanja vya shabaha, ambaye ndiye wa kuidhinisha mchoro wa mwisho. Kazi yake ni kukuepusha na gharama ya kumleta mtaalamu huyo kwenye shamba ambalo ungelikataa mwenyewe ukiwa nyumbani, ramani ikiwa mezani.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Ramani za 1:50,000 za Survey of Kenya: ya eneo lenyewe, na ya eneo linalofuata upande ambao risasi zitaelekea. Mistari yake ya kontua inaonyesha mwinuko kila mita 20.
- Kompyuta yenye Google Earth.
- Simu yenye GPS, na betri ya akiba.
- Dira.
- Kipima masafa cha leza. Ukikosa, GPS itakutosha kwa kuanzia.
- Darubini nzuri. Hii usiiache.
- Kipima mwinamo. Programu ya simu inafaa.
- Mtaimbo na jembe, vya kupimia kina cha udongo.
- Daftari na kalamu.
- Mwenyeji wa eneo lile, hasa mchungaji au mtu aliyekulia hapo.

Bunduki haimo kwenye orodha hii, na isiwemo. Wapo wanaokwenda nayo "kujaribu kidogo". Ardhi ambayo haijasajiliwa kuwa uwanja si mahali pa kufyatulia risasi za majaribio, na mlio wa kwanza utakaosikika kabla hujamsalimu jirani utaharibu mambo kwa miaka.

## Hatua ya 1: Jua risasi yako inafika wapi

Watu hupima ardhi kwa umbali wa shabaha. Ardhi ya uwanja hupimwa kwa umbali ambao risasi inaweza kufika ikikosa kila kitu.

Chukua risasi ya 7.62×51, au ndugu yake .308 Winchester. Shabaha yako iko mita 1,000, lakini mtutu ukiinuliwa nyuzi 30 hivi, risasi hiyo huenda kilomita 4 hadi 5 kabla ya kuanguka. Ile ya .50 BMG hupita kilomita 6. Hata .22 ndogo, ambayo wengi huichukulia kama mchezo wa watoto, inaweza kupita kilomita moja na nusu.

Amua sasa, kwa maandishi, risasi kubwa kuliko zote itakayoruhusiwa uwanjani kwako. Namba yake ya umbali wa juu kabisa ndiyo utakayofanyia kazi hadi mwisho. Usiibadilishe baadaye kwa sababu mwanachama mmoja amenunua bunduki mpya.

Hatua hii imekamilika pale kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari pana mstari mmoja: aina ya risasi, umbali wa shabaha ya mbali zaidi, umbali wa juu wa risasi.

## Hatua ya 2: Ongea na serikali kabla ya kuongea na dalali

Kenya, viwanja vya shabaha husajiliwa na kusimamiwa na Bodi ya Leseni za Silaha chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Nenda ukaulize wanataka nini kwenye maombi ya uwanja mpya, na urudi na orodha iliyoandikwa. Ukishaijua orodha, utaliangalia shamba kwa macho mengine.

Ulizia pia mambo mawili ambayo huchelewesha watu. La kwanza ni tathmini ya athari kwa mazingira, inayosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. La pili ni kibali cha kaunti cha kubadilisha matumizi ya ardhi, kwa sababu shamba lililoandikwa la kilimo haligeuki uwanja wa shabaha kwa kupaka mawe chokaa.

Kwa wasomaji wa Tanzania, ngazi ni zile zile ila milango ni mingine: silaha ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, mazingira ni NEMC, na kama ardhi ni ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakupeleka kwenye halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wake. Usianze na dalali wa mjini.

## Hatua ya 3: Tafuta kilima kwenye ramani

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo. Ukiipata sawa, nyingine zote zitakuwa nyepesi.

Wengi huniambia, "Tutajenga tuta." Tuta la udongo ni lazima, nakubali. Lakini fanya hesabu nami. Tuta la urefu wa mita 5, ukilitazama kutoka mita 100, limeinuka karibu nyuzi 3 juu ya mstari wako wa kulenga. Kutoka mita 300 ni chini kidogo ya nyuzi 1. Kutoka mita 1,000 ni theluthi moja tu ya nyuzi. Ukuta mkubwa uliougharamia kwa trekta na wiki tatu za kazi umekuwa mstari mwembamba kwenye upeo wa macho.

Upande wa pili wa hesabu ni mpigaji. Mtutu ukikosea nyuzi moja tu kwenda juu, risasi itapita mita 17 juu ya shabaha ya mita 1,000. Nyuzi moja haionekani kwa jicho. Kidole kikigusa kifyatulio mapema, bunduki ikiteleza kwenye mfuko wa mchanga, mpigaji mgeni akiweka vibaya darubini yake ya kulengea: makosa haya hutokea kwa watu waangalifu. Tuta ni la risasi zilizolengwa. Kilima ni cha zile zilizokosewa.

Sasa fungua ramani ya 1:50,000 na utafute hivi:

1. Tafuta mahali ambapo mistari ya kontua imesongamana. Kusongamana maana yake ni mteremko mkali.
2. Kutoka pale kwenye mguu wa kilima, pima mita 1,000 kurudi nyuma. Kwenye ramani hiyo ni sentimita 2. Hapo ndipo mpigaji atalala.
3. Hesabu mistari ya kontua kutoka mguu hadi kileleni. Mistari 5 ni mita 100. Kilele cha mita 100 kikiwa mita 1,200 kutoka kwa mpigaji kinakupa karibu nyuzi 5 za usalama. Kilele cha mita 150 kinakupa nyuzi 7.
4. Angalia upana wa kilima, kushoto na kulia. Kilima chenye ncha moja katikati ni mtego, kwa kuwa risasi pia hukosea pembeni. Nyuzi 5 pembeni, kwa mita 1,000, ni karibu mita 87.
5. Thibitisha kwenye Google Earth. Chora mstari kutoka kwa mpigaji hadi kilomita 6 mbele na uombe picha ya mwinuko wa mstari huo.

Umbo ninalolipenda kuliko yote ni bonde. Mpigaji yuko kwenye ukingo mmoja, shabaha iko kwenye mguu wa mteremko wa ng'ambo, na kati yao ardhi imeshuka. Risasi inapita juu ya bonde bila kukaribia udongo, kwa hiyo haina pa kudunda njiani. Mazigazi ya joto nayo hupungua, kwa sababu mstari wako wa kuona haukai karibu na ardhi inayochemka saa sita mchana.

Umbo la kukataa bila mjadala ni mpigaji kukaa juu ya kilima akipiga kuelekea tambarare. Kwenye picha linapendeza. Lakini risasi inayogonga ardhi ngumu kwa pembe ndogo haizami. Hudunda na kuendelea na safari, na hakuna anayejua itakakoelekea.

Ukipata maeneo matatu yenye kilima kizuri, umefanya kazi kubwa. Ukipata moja tu, endelea kutafuta, maana ardhi ya pekee huwafanya watu wafumbie macho kasoro zake.

## Hatua ya 4: Chora eneo la hatari

Kwenye Google Earth, weka alama mahali pa mpigaji. Chora mstari wa kulenga kwenda mbele hadi umbali wa juu wa risasi yako, tuseme kilomita 5. Kisha chora mistari miwili zaidi, mmoja kila upande, kwa pembe ya nyuzi 15. Umepata umbo kama la upepeo. Upana wake kule mwisho ni zaidi ya kilomita 2.5.

Pembe hii ya 15 ni ya mchujo wa kwanza tu. Mtaalamu atakupa umbo kamili kulingana na risasi, udongo na kilima, na risasi iliyodunda inaweza kupotoka zaidi ya hapo. Lakini kama ardhi inashindwa kwenye mchujo huu, hakuna haja ya kumwita.

Sasa hesabu kila kitu kilicho ndani ya upepeo: nyumba, boma, shule, barabara, kisima, njia ya ng'ombe, kiwanja cha ndege ndogo. Kilima kirefu hukata sehemu kubwa ya hatari iliyo nyuma yake, ila hakiifuti yote, kwa sababu mtutu unaweza kufyatuka ukiwa umeelekea juu zaidi ya kilele. Ndiyo maana ninataka nyuma ya kilima pawe patupu pia, au pawe na kilima kingine.

Kuna siku nilikwenda kuona shamba pamoja na wenzangu wa klabu moja. Walikuwa wamelipia malipo ya kwanza. Tambarare safi, kichuguu kirefu mwishoni walichokiita kilima. Tulikaa hadi jioni, na jua lilipoanza kushuka nikaona kitu kinametameta mbali sana mbele yetu. Nikachukua darubini. Yalikuwa mabati mapya ya darasa, kilomita 3 hivi, sawasawa na mstari wa kulenga. Asubuhi, jua likiwa upande mwingine, hakuna aliyeyaona. Malipo yale hawakurudishiwa yote, na bado nasema walipata bei nzuri.

Kwa hiyo usitazame picha ya leo peke yake. Google Earth inahifadhi picha za miaka iliyopita. Rudi nyuma miaka 10, kisha songa mbele mwaka baada ya mwaka, uone mabati yanaelekea wapi. Makazi hufuata barabara, maji na nguzo za umeme. Kama yanasogea kuelekea kwenye upepeo wako, uwanja huo una umri, na umri wake unaweza kuwa mfupi kuliko mkopo wako.

Kuhusu ukubwa: uwanja wenyewe wa mita 1,000 kwa 200 ni hekta 20, karibu ekari 50. Ukiongeza nafasi ya kilima na pembeni, ukafika mita 1,200 kwa 600, unakaribia ekari 180. Upepeo mzima ni zaidi ya ekari 1,500. Vilabu vichache vinaweza kununua upepeo mzima. Vingi hununua ule mstatili na kutegemea kilima, pamoja na makubaliano ya maandishi na mwenye ardhi ya nyuma. Makubaliano ya mdomo hufa siku mzee anapogawia watoto shamba.

## Hatua ya 5: Tembea kila mita

Nenda asubuhi, na mwenyeji wako. Anzia kwenye shabaha urudi kwa mpigaji, si kinyume chake. Ukianzia kwa mpigaji utaipenda mandhari, na macho yataanza kusamehe.

Udongo wa kilima. Piga mtaimbo sehemu kumi tofauti. Unatafuta udongo laini usio na mawe, angalau nusu mita. Mwamba ulio wazi unaotazama upande wa mpigaji ni sababu ya kukataa, au ya kuongeza gharama ya kuufunika. Sehemu nyingi za Bonde la Ufa zina mawe ya volkano chini ya nyasi, na nyasi hudanganya.

Mwinamo pale risasi zitakapogonga. Weka simu kwenye mteremko. Nyuzi 35 au zaidi ni nzuri. Chini ya 30 risasi huanza kudunda, kwa hiyo hapo lazima ujenge tuta lenye uso mkali kwenye mguu wa kilima.

Ardhi ya katikati. Tafuta mawe, vichuguu vigumu na maji. Maji yaliyotulia hudundisha risasi kama mwamba, hivyo bwawa la mifugo kati ya mpigaji na shabaha halikubaliki, hata liwe la msimu.

Urefu wa njia ya risasi. Risasi haiendi moja kwa moja kama uzi. Ya .308 ikipigwa kwa shabaha ya mita 1,000, hupanda karibu mita 4 juu ya mstari wa kuona, kidogo kupita nusu ya safari, kisha hushuka. Tawi la mgunga unaloliona liko juu kabisa ya mstari linaweza kuwa njiani.

Vijia. Kila kijia kina mwenyewe. Muulize mwenyeji: nani anapita hapa, saa ngapi, na kiangazi je? Wachungaji, wachoma makaa, watoto wa shule na wanawake wanaochota maji hawasomi vibao unavyovisimika leo kwenye njia ya babu zao. Kama kijia hakiwezi kuhamishwa kwa makubaliano yao wenyewe, hama wewe.

Maji na madini ya risasi. Kiini cha risasi nyingi ni madini ya risasi (kwa Kiingereza, lead), na hayo ni sumu. Udongo wenye asidi huyayeyusha. Ule wenye pH kati ya 6.5 na 8.5 huyashikilia vizuri zaidi. Chukua sampuli, upeleke maabara ya udongo. Kisha fuata kwa miguu mkondo wa maji ya mvua kutoka mguu wa kilima: unaishia wapi? Ukiishia kwenye kisima au mto unaonywesha mifugo, ardhi hiyo iache.

Ukimaliza, daftari liwe na picha, namba za GPS na jibu la kila kipengele. Jibu la "nadhani" ni sababu ya kurudi tena.

## Hatua ya 6: Jua, upepo na mlio

Jua kwanza. Huku kwetu karibu na ikweta, uwanja unaoelekea kaskazini au kusini ndio bora. Ukielekea magharibi utapigwa na jua machoni kila jioni; ukielekea mashariki utapoteza asubuhi, ambayo ndiyo saa tulivu kuliko zote.

Upepo usikuhangaishe sana kwenye uchaguzi wa ardhi. Kuusoma upepo ni sehemu ya mchezo.

Mlio ndio unaofunga viwanja. Kuna sauti mbili. Ule mshindo wa mtutu, unaopungua kwa desibeli 6 hivi kila umbali unapoongezeka mara mbili, unaweza kuupunguza kwa kibanda chenye kuta za kunyonya sauti. Lakini risasi inayokwenda haraka kuliko sauti hubeba mpasuko wake mwenyewe njia nzima, na kibanda hakiusaidii. Jirani aliye pembeni, mita 600 mbele yako, anausikia kama umepigwa uani kwake. Kwa hiyo pima umbali wa nyumba kutoka kwenye mstari mzima, si kutoka kwa mpigaji peke yake.

## Hatua ya 7: Majirani kabla ya mkataba

Anza na chifu au naibu wake, umwombe nafasi kwenye baraza. Nenda na ramani kubwa ya karatasi, useme wazi: hapa patapigwa bunduki, siku hizi, saa hizi, bendera nyekundu ikiwa juu. Usiseme "kituo cha michezo". Watu wakigundua umewaficha, hata ukweli wako hawatauamini tena.

Waachie nafasi ya kukataa. Mzee mmoja akisimama na kusema ng'ombe hupita pale mwezi wa Agosti, amekupa habari ambayo setilaiti haina. Iandike mbele yake.

Kwenye maeneo yenye wanyamapori, waone Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, mapema. Mapito ya tembo hayaonekani kwenye hati miliki.

## Hatua ya 8: Hati, na subira ya msimu

Fanya utafutaji rasmi wa hati, kwa Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni, au kwenye masjala ya ardhi ya eneo hilo. Mlete mpima ardhi aliyesajiliwa aonyeshe vigingi vya mipaka, usimame kwenye kila kigingi. Ardhi ya kilimo inahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Bila idhini mauzo ni batili. Ardhi ya jamii iko chini ya sheria ya 2016, na haiuzwi kwa sahihi za viongozi wawili.

Kwenye mkataba, weka sharti hili: malipo makubwa yanafuata baada ya usajili wa uwanja na kibali cha NEMA kupatikana, la sivyo amana inarudi. Muuzaji akilikataa kabisa, jiulize anajua nini kuhusu shamba lake.

Kisha rudi pale msimu mwingine. Kama uliiona ardhi kiangazi, irudie masika, siku moja baada ya mvua kubwa. Udongo mweusi wa mfinyanzi utakuonyesha kama gari la wagonjwa litaweza kufika. Simama na dereva mahali pa mpigaji, mpime muda wa kufika hospitali ya karibu yenye chumba cha upasuaji, uandike dakika. Jaribu kupiga simu kutoka kwa mpigaji, kisha kutoka kwenye shabaha. Halafu kaa hadi jua lizame, darubini ikiwa mkononi, utazame kule mbele kabisa, nyuma ya kilima, kama kuna taa inayowaka.